Mtoto mwenye aleji ya chakula: maswali ninayoulizwa na wazazi wenzangu hapa Tanga

Binti yangu hali karanga, mayai wala ufuta, na mtaa wetu wa Makorora unalijua hilo. Ndiyo maana mama yeyote ambaye mwanawe amevimba midomo baada ya kula huelekezwa kwangu. Mimi si daktari. Niliyoandika hapa ni yale niliyoelezwa na madaktari na wauguzi, pamoja na yale ambayo hospitalini hawana nafasi ya kuyasema: umwambie nani, umwambie vipi, na mkweo akinuna ufanye nini. Swali la dharura liko katikati. Kama hujui la kufanya mtoto akibanwa pumzi, ruka uende huko kwanza.

Mtoto hutoka vipele akila. Mmoja anasema mchango, mwingine joto, mwingine damu chafu. Nitajuaje kama ni aleji?

Tazama saa. Aleji ya chakula ile ya hatari haikawii: mara nyingi huanza ndani ya dakika chache, na kwa kawaida haizidi saa mbili tangu mtoto ale. Hutoka mabaka yaliyoumuka yanayowasha, midomo au kope huvimba, hutapika, hukohoa, kifua hubana. Tena hujirudia, chakula kilekile na hali ileile. Joto la Tanga halichagui siku ya karanga.

Zipo aleji za polepole pia, hasa ya maziwa kwa wachanga, ambazo hujitokeza kwa choo chenye damu au kamasi, au kutapika saa kadhaa baadaye. Hizo huzitambui bila daktari. Na ipo hali ya tumbo kushindwa kusaga sukari ya maziwa: gesi, kuharisha, kunguruma. Inasumbua lakini si aleji, na haimzibi mtoto pumzi.

Sitaki ugomvi na bibi yeyote kuhusu mchango. Ila dawa ya majani ya kunywa, kwa mtoto ambaye bado hujajua kinachomdhuru, ni kuongeza kisichojulikana juu ya kisichojulikana. Ukishindwa kuizuia, basi angalau iandike. Kuwa na daftari: alikula nini, saa ngapi, kilitokea nini, baada ya muda gani. Na piga picha kwa simu, maana mkifika hospitali mabaka huwa yameshapotea na wewe unaonekana mzushi.

Hapa Tanga niende wapi?

Anzia kituo cha afya cha karibu, au kliniki unakompeleka mtoto kupima uzito. Hospitali yetu ya rufaa ya mkoa ni Bombo, na huko uliza daktari wa watoto. Usitafute mlango ulioandikwa "daktari wa aleji", utazunguka bure. Ikibidi kwenda mbele zaidi, sisi tuko kanda ya kaskazini, kwa hiyo rufaa ni KCMC, Moshi. Wengi hupendelea Muhimbili kwa sababu Dar kuna ndugu wa kufikia, na hiyo si sababu ndogo ukiwa na mtoto mgonjwa na begi. Kama mwanao ana pumu ya ngozi kali, ile inayochubuka viwiko na nyuma ya magoti, KCMC ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992. Ngozi ya namna hiyo na aleji ya chakula mara nyingi huandamana.

Usitoke kwa daktari bila vitu vitatu: majina ya vyakula yameandikwa kwenye kadi ya kliniki, maelekezo ya dharura yameandikwa kwa lugha utakayoielewa saa nane za usiku, na jibu la swali hili: "Adrenalin tunaipata wapi, na nyumbani nikae nayo au la?" Hiyo ndiyo sindano ya dharura nitakayoieleza mbele.

Vipimo vya aleji ni lazima?

Vinasaidia, lakini maelezo yako yana uzito kuliko vipimo. Kipimo cha kuchoma ngozi na kile cha damu cha IgE huonyesha kwamba mwili umeshakutana na kitu na kukiwekea alama. Mtoto anaweza kuonyesha alama ya ngano na bado akala chapati bila shida yoyote. Ukiletewa karatasi yenye vyakula ishirini "vilivyokutwa", usivifute vyote jikoni. Mtoto atakonda kwa njaa. Vipimo vya IgG vinavyouzwa kwa jina la aleji, wataalamu wa aleji hawavikubali. Weka pesa yako.

Nimwambie nani kwanza?

Yule anayemlisha usipokuwepo. Kundi la ukoo la WhatsApp lisubiri.

Ukitangaza kwa jumla kwamba mtoto ana aleji, utapewa pole, na pole haimzuii mtu kumpa mtoto kashata. Mpe kila mtu kazi moja, ndogo, inayotajika. Dada wa kazi: chakula cha mtoto kinatoka kwenye kontena lenye kifuniko chekundu tu. Jirani wa ukuta mmoja: akisikia naita, anatoka na simu na kufunga nyumba yangu. Kijana wa bajaji wa kijiweni: namba yake iko ukutani, na anajua kwamba nikimpigia usiku hatuzungumzi bei. Mama wa maandazi: aniambie siku anayoweka mayai kwenye unga. Kaka mtu: mdogo wake akipewa kitu njiani, amletee mama kwanza.

Kazi ndogo watu huzishika. Mama wa maandazi siku hizi hunipigia kelele kutoka barabarani, "Leo yana mayai, mama, pita!" Mtaa mzima unasikia, na kila anayesikia anakumbushwa bila mimi kusema neno.

Mama mkwe haamini. Anasema wao wamelea watoto kumi na hakuna aliyekufa kwa karanga.

Usibishane na hesabu hiyo, hutashinda. Na usimwambie "umeniulia mtoto" hata kama umeudhika kiasi gani, kwa sababu baada ya hapo atakuwa anajitetea badala ya kusikiliza.

Kilichosaidia kwangu ni mambo mawili. La kwanza, nilimwomba anisindikize kliniki, nikakaa kimya, nikamwacha muuguzi azungumze naye. Kwa mkwe, neno la mtu aliyevaa sare lina uzito kuliko la mke wa mwanawe. La pili, nilibadili maneno. Badala ya "Mama, usimpe karanga," nilimwambia, "Mama, mtoto huyu ningependa chakula chake kitoke mikononi mwako tu, wengine siwaamini." Tangu siku hiyo amekuwa askari. Wifi yangu alipokuja na mfuko wa visheti aliulizwa maswali mlangoni utadhani yuko mpakani Horohoro.

Kisha mmalize jikoni pamoja. Kisamvu cha karanga na mchicha wa karanga havikatazwi nyumbani kwake. Mzee hawezi kuambiwa aache chakula chake. Ila sufuria ya mtoto iwe yake, na mwiko na upawa wake. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kinu. Kinu cha mbao kilichotwangwa karanga kina nyufa, na ukikisuuza zinabaki humo. Kitafutiwe mtoto kinu kingine, au vitu vyake visitwangwe kabisa.

Bibi anasema apewe kidogo kidogo atazoea. Si kweli?

Kuna matibabu ya namna hiyo duniani. Marekani iliidhinisha dawa ya unga wa karanga kwa watoto mwaka 2020. Lakini hupimwa kwa miligramu, dozi ya kwanza na kila inapopandishwa hutolewa mbele ya daktari mwenye adrenalin mezani, na mtoto aliyeacha dawa hiyo anaweza kurudi alikoanza. Kijiko cha bibi hakipimi miligramu. Mwambie bibi wazo lake lina mwenyewe, ila mwenyewe ni daktari.

Uji wa lishe kila mtu ananisisitizia. Mwanangu ana aleji ya karanga. Nimpe?

Huu uji ndio unaoniumiza kichwa kuliko vyakula vyote, kwa sababu unatolewa kwa nia njema na unga wake hausemi ndani kuna nini. Mchanganyiko wa kawaida una mahindi, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, wengine huongeza dagaa. Yaani umechukua vyakula kadhaa kati ya vile vinavyoongoza kwa aleji ukavisaga pamoja. Ule wa kupimiwa sokoni usiupe nafasi.

Kuchagua nafaka mwenyewe bado hakutoshi, kwa sababu kuna mashine. Kasimame mlangoni pa mashine ya kusaga asubuhi moja uangalie. Anatoka mama na debe lake la lishe lenye karanga, mfuko wa kitambaa unakung'utwa mara mbili, na debe lako la mahindi linamiminwa juu ya mabaki yale yale. Unga wako wa kwanza kutoka unakuwa na mafuta kidogo, ukiusugua kwa vidole utauhisi. Kwenda alfajiri uwe wa kwanza hakusaidii sana, kwa kuwa mabaki ya jana jioni yamo. Tafuta mashine inayosaga mahindi makavu tu, waulize waziwazi, au nunua unga wa mahindi wa kiwandani wenye maelezo kwenye mfuko, au saga mchele na ulezi nyumbani kwa blenda ambayo haijaguswa na karanga. Mama wawili watatu wenye watoto wa namna hii mkichangia blenda moja, mmemaliza tatizo.

Afisa lishe wa halmashauri atakusaidia kupanga cha kuweka badala ya karanga. Karanga ni jamii ya kunde, lakini watoto wengi wenye aleji yake hula maharage, choroko na kunde bila tatizo. Kama mwanao amekuwa akila maharage ya nazi siku zote, usimnyang'anye.

Na maziwa ya mbuzi, au tui la nazi, badala ya ng'ombe?

Mbuzi hapana. Protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, na watoto walio wengi wenye aleji ya maziwa ya ng'ombe huumwa na ya mbuzi vilevile. Kuchemsha hakuondoi aleji.

Nazi ni habari njema kwetu watu wa pwani. Aleji ya nazi ipo lakini ni nadra, na mtoto mwenye aleji ya korosho hana sababu ya kukatazwa nazi kwa ajili ya jina tu. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliiondoa nazi kwenye orodha yake ya njugu za miti mwezi Januari 2025. Wali wa nazi na mihogo ya nazi viendelee. Ila tui halina protini wala kalsiamu ya kuchukua nafasi ya maziwa kwa mtoto mdogo. Kama bado ananyonya, endelea kumnyonyesha, na usijikatie vyakula wewe mwenyewe mpaka daktari aseme.

Tulikula vibua, mtoto akawa mwekundu uso mzima, na baba yake pia. Ni aleji ya samaki?

Huenda si aleji. Vibua na jodari wakikaa juani bila barafu hutengeneza histamini nyingi ndani ya nyama, na moto wa jiko hauiondoi. Mlaji huwashwa mdomo, uso huwa mwekundu, kichwa huuma, tumbo huvurugika, sawasawa na aleji. Dalili ya kukutofautishia ni idadi ya waliougua: aleji humchagua mmoja, samaki aliyeharibika huwapata wengi mezani. Mpeleke mtoto hospitali vyovyote vile, lakini mweleze daktari kwamba na baba aliumwa, la sivyo mtoto atanyimwa samaki maisha yake yote kwa kosa la mchuuzi.

Aleji ya kweli ya samaki inahitaji uangalifu zaidi hapa kuliko Dodoma. Mvuke wa samaki anayechemka waweza kumchokoza, hata asipoonja. Usimpeleke soko la samaki la Deep Sea kununua kitoweo. Na mwenye aleji ya kamba mara nyingi huumwa na kaa na kamba koche pia. Pweza na ngisi ni jamii nyingine, wasijaribiwe nyumbani bila daktari kusema. Viazi karai na chipsi vilivyokaangwa kwenye mafuta yaliyokaangiwa samaki ni samaki.

Siku akibanwa pumzi nifanye nini?

Soma hapa mara mbili, kisha umsomee baba.

Mabaka peke yake, mtoto anacheza, anapumua vizuri: mpe dawa ya aleji aliyoandikiwa na daktari, kaa naye, usimtoe machoni. Lakini mabaka pamoja na kutapika sana, kikohozi kisichokatika, sauti kukauka, kifua kupiga filimbi, ulimi kuvimba, kulegea au kupauka, hiyo ni hatari ya kufa na dawa yake ni moja, adrenalin, ya sindano kwenye msuli wa paja upande wa nje. Piritoni na setirizini hupunguza kuwashwa tu. Hazifungui koo. Kusubiri "tuone piritoni inavyofanya kazi" ndiko kunakopoteza watoto.

Zile kalamu za adrenalin wanazotembea nazo watoto wa Ulaya hazipatikani kirahisi kwenye maduka yetu ya dawa. Kilichopo ni kichupa cha kioo na sindano. Daktari akiona unafaa kukaa nacho, atakuandikia kipimo kulingana na uzito wa mtoto na muuguzi akufundishe kuvuta na kuchoma. Rudi ufundishwe tena uzito ukibadilika. Kisiwekwe friza wala dirishani penye jua. Dawa ikigeuka rangi ya chai, imekufa.

Mtoto mlaze chali, miguu juu kidogo. Akihema kwa shida mwache akae amekuegemea. Akitapika mgeuze ubavu. Asisimamishwe, asitembezwe. Hii ndiyo sababu ninahimiza bajaji, si bodaboda: kwenye bajaji mtoto analala mapajani mwako mpaka mlango wa hospitali, kwenye pikipiki unamshikilia wima katikati ya watu wawili, na kusimama wima ghafla katika hali hiyo kunaweza kuuangusha moyo.

Majirani watakimbia na maziwa. Kwetu mtu akila kibaya hupewa maziwa yakate sumu, na mtu atayaleta kwa mapenzi kabisa. Yazuie. Huyo mtoto pengine aleji yake ni ya maziwa, na hata kama siyo, anayeshindwa kupumua hapewi kitu mdomoni. Maziwa, mkaa, maji ya ndimu, vyote hapana.

Mkifika, usianze na historia. Sema "aleji ya chakula, hapumui vizuri, anahitaji adrenalin", na uonyeshe kadi. Kuna mahali tuliwahi kuambiwa tukae foleni tukakate cheti kwanza. Usikae, pita na mtoto moja kwa moja. Na akipata nafuu usikimbilie nyumbani. Hali inaweza kurudi baada ya saa kadhaa, wamwangalie kwanza.

Madrasa na chekechea niwaambieje?

Nenda mwenyewe, si kwa simu, na nenda kabla muhula haujaanza. Mwalimu wa darasa na mpishi wa uji wote wawili wawepo. Barua fupi: jina la mtoto, picha yake, asichokula, dalili, namba mbili za simu, namba ya bajaji. Ibandikwe jikoni, maana kwenye faili haitasomwa na anayepakua uji.

Ustadhi mweleze kuhusu siku za sadaka na maulidi, sinia linapopita. Kashata za karanga na za nazi hukatwa kwa kisu kimoja na kupangwa sinia moja, kwa hiyo "mpe ya nazi" si jibu. Acha kwake kopo la vitu vya mwanao, ili wenzake wakipewa naye apewe palepale. Usikubali atolewe nje wenzake wakila. Mtoto wa miaka minne hajui aleji, anajua kwamba ametengwa.

Wote wanawe kwa sabuni na maji baada ya kula. Ile jeli ya kusafishia mikono huua vijidudu lakini haiondoi karanga.

Futari, Idi na shughuli?

Usijifungie. Watoto wa Ngamiani na Makorora siku ya Idi hupita nyumba kwa nyumba, na wako ataumia zaidi kwa kukaa ndani kuliko kwa kukosa kisheti. Sisi tunamtembeza na mfuko wake na sheria moja: unapokea, unasema ahsante, unaweka mfukoni, unaletea nyumbani. Nyumbani anabadilishiwa. Pesa anabaki nazo zote, na kwa kweli anapenda pesa kuliko visheti.

Kwenye shughuli mwende mmeshashiba. Pilau la watu mia tatu haliulizwi maswali, wala mpishi wake hana kumbukumbu ya kila kilichoingia. Kama ni nyumba ya karibu, nenda jikoni mapema, si kulalamika, kumenya vitunguu. Ukiwa kwenye kigoda na kisu mkononi utaona mwenyewe nini kinaingia wapi, na hakuna atakayekuita mwenye maringo.

Gharama zinanishinda, na baba mtoto yuko mbali kikazi.

Sera ni kwamba mtoto chini ya miaka 5 hatibiwi kwa malipo kwenye vituo vya umma. Dawa ikikosekana utaelekezwa ununue nje, na hapo ndipo pesa inapohitajika. Hospitalini kuna ofisi ya ustawi wa jamii. Wengi hawaijui au wanaona aibu kuingia. Ingia. Kama uko kwenye VICOBA, mfuko wa jamii wa kikundi upo kwa ajili ya siku kama hizi, na ni bora kikundi kijue habari za mtoto mapema kuliko kuanza kujieleza usiku wa dharura.

Baba aliye mbali naye apewe kazi. Wangu ndiye anayesoma pakiti: nikiwa dukani nampigia picha maelezo ya nyuma, yeye anasoma. Karanga huweza kuandikwa "groundnut", maziwa hujificha kwenye "whey" na "casein", mayai kwenye "albumen". Bidhaa isiyo na maelezo hainunuliwi.

Mtoto mwenye aleji ya mayai achanjwe?

Ndiyo. Chanjo ya surua na rubela, ya miezi 9 na ya miezi 18, hupewa hata mwenye aleji ya mayai. Ya homa ya manjano ni tofauti, mwambie muuguzi kabla.

Silali. Kila akikohoa naruka. Je, ni mimi nimezidi?

Hujazidi. Mtu aliyemwona mwanawe akibanwa pumzi hawezi kulala kama zamani kesho yake. Lakini ukiona wiki zinapita na bado unamwamsha kuangalia kama anahema, huli, unalia bila sababu, au umeanza kumnyima vyakula ambavyo hana tatizo navyo, hilo nalo ni la kupelekwa kliniki. Mwambie muuguzi habari zako, si za mtoto tu.

Mimi nilichoomba ni alasiri moja kwa juma. Dada yangu anakuja, anajua kila kitu, mimi naondoka. Sifanyi la maana. Huenda nikaketi Raskazone kutazama bahari na kula karanga za kuchemsha, ambazo nyumbani sizigusi, halafu nakosha mikono na kusukutua kama mwizi anayefuta ushahidi.

Atapona?

Aleji ya maziwa, mayai na ngano, watoto wengi huachana nayo wanapokua. Karanga, karibu mmoja kati ya watano. Samaki na kamba kwa kawaida hubaki. Usimjaribu nyumbani kuona kama imeisha. Hospitali humlisha kidogo kidogo chini ya uangalizi, dawa ikiwa tayari.

Nina mimba nyingine. Huyu ajaye nimcheleweshee karanga?

Zamani tuliambiwa hivyo, sasa ni kinyume. Utafiti wa London uliotolewa 2015, wenye watoto zaidi ya 600 waliokuwa na pumu ya ngozi kali au aleji ya mayai, ulionyesha kuwa walioanzishwa karanga mapema uchangani walipata aleji yake kwa uchache sana, pungufu kwa takriban asilimia 80. Kwa hiyo akifika umri wa kuanza kula, usiruke karanga na mayai bila sababu. Ziwe zimesagwa laini kabisa ndani ya uji, kamwe si punje nzima, zitamsakama. Ila akiwa na pumu ya ngozi kali, mwone daktari kabla ya kijiko cha kwanza. Na kwa kuwa mkubwa wake ana aleji, panga umlishe huyo mdogo wapi na lini, mkubwa akiwa madrasa, kisha meza ioshwe.

Nitawapataje wazazi wengine wenye watoto kama wangu?

Muuguzi wa kliniki anawajua. Hatakupa majina yao, na ni sawa asikupe, lakini mwachie namba yako na umwambie, "Akija mama mwenye mtoto wa namna hii, mpe." Mhudumu wa afya wa mtaa wako naye mwachie. Nilianza hivyo, sasa tuko wachache kutoka Chumbageni hadi Pongwe, na hatuna uongozi wala michango, tuna simu tu. Mkikutana mara ya kwanza msianze na magonjwa. Anzeni kwa kubadilishana majina ya wauza maandazi wasioweka mayai, na nani ana mashine isiyosaga karanga.